Nani Atabisha Hodi Asubuhi?

Kutunza wazee nyumbani wakati wa mvua na baridi

Safari hii tunataka kusema nanyi habari za wazee wetu, na habari za baridi.

Mtu wa Ulaya akisikia kwamba katika Kongo wako wazee wanaougua na kufa kwa sababu ya baridi, labda atacheka. Atasema, “Ninyi mnakaa karibu na ikweta. Baridi mnaitoa wapi?” Lakini mtu aliyelala usiku mmoja Mushaki, au Ngungu, au juu ya milima ya Katoyi katika mwezi wa 11, huyo hatacheka. Yeye anajua ukungu unaoingia katika nafasi za mbao kabla jua halijazama. Anajua mvua inayopiga bati usiku kucha. Anajua nguo zilizoanikwa siku tatu bila kukauka.

Jambo hili si gumu kufahamu. Kila mtu apandapo mlima mita 1,000, hewa hupoa karibu digrii 6. Mtu akitoka Walikale mjini, katika msitu wa chini, akapanda mpaka malisho ya ng’ombe ya Masisi, yaliyo juu ya mita 2,000, amehama kutoka nchi ya joto kwenda nchi ya baridi, ingawa hakutoka katika Kivu ya Kaskazini.

Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi yakifika, wako watu walioajiriwa kuwaendea wazee nyumba kwa nyumba. Huwasha moto, hupika, huwaogesha, huhesabu vidonge. Kwetu kazi hiyo haina mshahara. Lakini kazi yenyewe ipo, nayo inafanywa kila siku. Inafanywa na mke wa mwana, na mjukuu, na jirani, na wamama wa kanisa, na wale wahudumu wa afya wa kijiji tunaowaita reko. Hawa si waganga. Lakini mara nyingi wao ndio wanaomwokoa mzee kwanza, na hospitali huja nyuma yao.

Basi neno letu la leo ni hili: mara nyingi baridi haimwui mzee peke yake. Baridi humwua mzee aliyekosa mtu wa kumbishia hodi asubuhi.

MAMA MZEE WA KILIMANI

Hebu tuseme habari za mama mmoja mzee. Jina lake hatulitaji, maana yeye ni mfano tu. Lakini kila mmoja wenu atamtambua katika kijiji chake.

Mama huyu anakaa peke yake juu ya kilima, mbali kidogo na njia ya kutoka Sake kwenda Masisi. Mume wake alikufa zamani. Ana wana wawili. Mmoja alikwenda Rubaya kuchimba kolta. Mwingine anatafuta maisha Goma. Vita vilipofika Masisi na Sake katika mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, watu wa kilima walikimbia. Mama mzee alibebwa mgongoni, kisha akakaa wiki nyingi chini ya turubai. Kambi za waliokimbia zilipovunjwa mwezi wa pili, akarudi. Nyumba aliikuta, lakini mabati ya upande mmoja yamechukuliwa. Jirani walimfungia turubai mahali pale.

Kati ya jirani hao yuko mwanamke mwenye watoto watano. Kila asubuhi, akienda shambani, hupita kwa mama mzee. Hubisha hodi. Huangalia kama moto upo. Huacha kikombe cha uji. Kisha huenda zake. Na kila asubuhi mama mzee humjibu neno moja: “Karibu, mwanangu. Leo umechelewa.” Hata akifika mapema, ameambiwa amechelewa. Basi wote wawili hucheka.

Siku moja, baada ya mvua ya siku nne, mama mzee alijibu kama kawaida, lakini hakumaliza uji. “Sina njaa,” alisema. Kesho yake hakusema, “Umechelewa.” Alimtazama tu jirani yake. Halafu akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa miaka mingi. Hakukohoa. Paji la uso halikuwa na moto. Mikono ilikuwa baridi.

Watu wawili walikuja kuangalia. Wa kwanza alisema, “Ni uzee. Mwacheni apumzike.” Wa pili alinong’ona neno baya zaidi: “Anaongea na wafu. Mwanamke huyu hakukosa uchawi.”

Lakini yule jirani alikuwa ameingia katika nyumba ile kila asubuhi karibu mwaka mzima. Akasema, “Huyu siye niliyemwacha juzi. Ni mgonjwa.”

Tutarudi kwake. Kwanza tuulize: jirani huyu aliona nini ambacho wengine hawakuona?

KWA NINI BARIDI HUMSHINDA MZEE

Mwili wa mtu hupenda kukaa na joto la digrii 37 hivi. Joto la ndani likishuka chini ya 35, moyo na ubongo na misuli huanza kufanya kazi vibaya, na mtu aweza kufa.

Kijana akipatwa na baridi, mwili wake hujitetea. Mishipa ya damu ya ngozi hujifunga, ili joto lisitoke nje. Tena misuli hutetemeka, na kutetemeka huko ni kama kuni katika moto: kunafanya joto. Lakini mzee ana misuli michache, na mafuta kidogo chini ya ngozi. Hatetemeki kwa nguvu kama zamani. Tena ngozi yake haimwambii upesi ya kuwa baridi imeingia. Ndiyo sababu mzee aweza kukaa na nguo iliyolowa, na ukimwuliza, atakujibu, “Mimi ni mzima.” Hasemi uongo. Mwili wake haukumpa habari.

Kwa hiyo usimwulize kwa mdomo tu. Ingiza mkono wako chini ya nguo yake, uguse tumbo. Mikono na miguu ya watu wengi hupoa wakati wa baridi. Lakini tumbo likiwa baridi, hatari imefika.

Mzee wa namna hii huwa mzito wa maneno, mwenye usingizi, mwenye kujikwaa. Fanyeni hivi. Mvueni nguo zilizolowa na kumpangusa polepole. Mfunikeni na blanketi kavu, na kichwa pia, maana joto jingi hutoka hata kichwani kisichofunikwa. Mtu mwingine alale karibu naye chini ya blanketi moja, ampe joto la mwili wake. Akiwa macho na kumeza vizuri, apewe chai au uji wa moto wenye sukari, kidogo kidogo. Msimsugue kwa nguvu, wala msiweke miguu yake karibu na moto. Ngozi iliyopoa haisikii, nayo itaungua. Kisha apelekwe kwenye kituo cha afya, akichukuliwa kwa upole.

KICHOMI KISICHOPIGA KELELE

Adui wa pili ni homa ya mapafu, ambayo wengi huiita kichomi. Kijana akiwa na kichomi, nyumba nzima itajua. Anatetemeka, ana homa kali, anakohoa, anashika ubavu kwa maumivu. Lakini kwa mzee kichomi chaweza kuja kimya kama mwizi. Labda hapana homa. Labda hapana kikohozi. Alama ya kwanza yaweza kuwa moja ya hizi:

Ameacha kula.
Amelala mchana, jambo ambalo hakuzoea.
Ameanguka bila sababu.
Anachanganya majina, siku na mahali.
Amejikojolea, naye hakuwa na desturi hiyo.
Anapumua upesi.

Angalieni, ndugu. Mzee aliyekuwa na akili jana na amechanganyikiwa leo, huyo hakuingiwa na uchawi, wala uzee haukumjia usiku mmoja. Uzee huja polepole kwa miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafula ni ugonjwa wa mwili: kichomi, au malaria, au ugonjwa wa mkojo, au kukosa maji, au sukari ya damu iliyoharibika. Wako wazee, hasa wajane, waliofukuzwa na hata kuuawa katika Kivu kwa sababu ya maneno kama yale ya yule aliyenong’ona. Tusikubali maneno hayo yasemwe mlangoni pa mgonjwa. Mgonjwa anahitaji dawa, si hukumu.

Sasa jifunzeni kuhesabu pumzi. Ni kazi ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya, mwenye saa au simu. Mzee apumzike. Tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka, uhesabu dakika moja kamili. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 mpaka 20. Ikipita hapo, naye hana nguvu au hali, mpeleke kwenye kituo cha afya siku ile ile. Ikifika 30, ni hatari kubwa: asilale tena nyumbani.

Tena msinunue vidonge viwili vitatu vya rangi sokoni “vya kujaribu.” Dawa isiyotimia huacha vijidudu vilivyo na nguvu, nao hurudi wakiwa wakali zaidi. Na mzee anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu. Ugonjwa huo huponywa kwa dawa za miezi mingi, na dawa hizo hutolewa bure katika nchi yetu. Mzee mwenye kifua kikuu akinyamaza, wajukuu wanaolala naye waweza kukipata.

MOTO UNAOPONYA NA MOTO UNAOUA

Tukisikia baridi, sote twafikiri moto. Ni sawa. Lakini moto una hesabu yake.

Watu wengi huwasha makala katika mbabula, na wakiona makala yamekuwa mekundu bila moshi, huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango na dirisha. Wanasema, “Moshi umekwisha.” Hilo ni kosa kubwa. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kwanza kichwa kinauma, kisha tumbo linachafuka, kisha unakuja usingizi. Mtu aliyelala hajui kitu. Asubuhi nyumba nzima hukutwa imekufa.

Basi, mbabula isilale chumbani na watu. Mzee aote moto jioni, mlango ukiwa wazi kidogo. Wakati wa kulala, moto utolewe nje. Na mzee mwenye kikohozi asiketi katika moshi wa kuni siku nzima. Moshi huo unaharibu mapafu sawasawa na tumbako.

Joto la usiku lina njia nyingine. Jaza chupa maji ya moto, si ya kuchemka. Ifunge sana, izungushie kitambaa, iweke chini ya blanketi karibu na miguu, isiguse ngozi. Mvishe mzee soksi na kofia. Nguo mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, hushinda nguo moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati hushika joto. Kikwembe kikavu ni bora kuliko koti lililolowa.

Baridi nyingi hutoka chini. Mtu anayelala juu ya udongo, hata akiwa na mablanketi mawili juu yake, anapokonywa joto usiku wote. Vijana wa kijiji waweza kutengeneza kitanda cha mianzi au mbao kwa siku moja. Chini ya mkeka watie majani makavu mengi, na kuyabadilisha yakishika unyevu. Waangalie bati na turubai kabla mvua haijaanza, si usiku mvua inaponyesha. Wachimbe mfereji mdogo kuzunguka nyumba, maji yasiingie.

Tena waangalie njia ya choo. Wazee wengi huvunjika nyonga katika matope, usiku, wakienda kujisaidia. Wekeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na imwagwe asubuhi. Wekeni changarawe kwenye njia, na kamba au mti wa kushika. Mfupa wa nyonga uliovunjika humlaza mzee, na mzee aliyelala siku nyingi hupata kichomi. Hivyo ndoo moja yaweza kuzuia vifo viwili: kifo cha kuanguka na kifo cha kulala.

CHAKULA, MAJI NA POMBE

Mwili hauwezi kuwaka bila kuni, na kuni za mwili ni chakula. Mzee asiye na meno hataki bugali gumu na maharagwe makavu. Atakula kidogo aseme ameshiba, kumbe amechoka kutafuna. Mpikie uji wa sosoma, maana ndani yake mna soya, mtama na mahindi. Mpondee viazi au ndizi. Maharagwe yapondwe, na sombe itiwe mafuta ya ngazi. Yai na samaki wadogo waliosagwa humpa nguvu. Masisi ni nchi ya maziwa, lakini maziwa yachemshwe kwanza, kwa kuwa maziwa mabichi yaweza kuleta magonjwa ya ng’ombe. Mpe kidogo mara nne au tano kwa siku, kuliko kumpa sahani kubwa mara moja.

Wakati wa baridi wazee hawasikii kiu. Wengine huacha kunywa kwa kuogopa kwenda choo gizani. Basi damu hukauka, kichwa huzunguka, wanaanguka. Mpe maji yaliyochemshwa yakiwa moto moto, au chai nyepesi, kila unapopita.

Na pombe? Wako wanaosema kasiksi au kanyanga huleta joto. Tutawaambia siri ya joto hilo. Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Damu ya moto hukimbilia nje, na mtu husikia joto usoni. Lakini joto hilo ndilo linalotoka mwilini kwenda hewani. Ni kama mtu anayefungua mlango ili kupasha uwanja joto. Baada ya saa chache atakuwa baridi kuliko yule ambaye hakunywa.

Neno moja tena juu ya vidonge. Baridi hufunga mishipa, na shinikizo la damu, yaani tansio, hupanda. Mzee anayemeza dawa ya tansio au ya sukari asiziache wakati wa mvua. Njia ikiwa mbovu au usalama ukiwa mdogo, mwombeni mwuguzi ampe dawa za siku nyingi zaidi. Jamaa wakikimbia, dawa hizo na karatasi yake ya hospitali zifungwe katika mfuko wa plastiki na ziwe kitu cha kwanza kuchukuliwa, kabla ya sufuria.

WALIKALE: USIDANGANYWE NA KUTETEMEKA

Mpaka hapa watu wa Walikale wamesema moyoni, “Haya ni ya watu wa milimani. Sisi tuko msituni, kwetu kuna joto.” Ngojeni kidogo, wapendwa.

Msituni mvua ni nyingi, na mzee aliyelowa upande wa Lowa aweza kupoa kama yule wa Mushaki. Lakini msituni iko hatari nyingine. Mzee akitetemeka katika joto la Walikale, watu humfunika blanketi na kusema, “Ni baridi ya mvua.” Hapana. Mahali pa mbu wengi, kutetemeka ni malaria mpaka kipimo kiseme sivyo. Apimwe siku ile ile. Na alale katika chandarua, kwa maana vyandarua vingi hupewa watoto na wamama wenye mimba, na mzee husahauliwa pembeni.

Jambo la tatu linahusu kuhama. Mwezi wa tatu wa mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale mjini, na watu wakatawanyika. Katika miaka hii wengine wameshuka kutoka milimani kwenda msituni, na wengine wamepanda kutoka msituni kwenda milimani. Kila mmoja huiacha silaha yake nyuma. Mtu wa milimani hakuzoea malaria. Akishuka, malaria humshika kwa ukali, hata akiwa mzee. Mtu wa msituni hana nguo nzito wala kitanda cha juu. Akipanda, baridi humshika usiku wa kwanza. Basi mkipokea mgeni mzee, mwulizeni ametoka wapi. Ametoka juu? Mpeni chandarua. Ametoka chini? Mpeni blanketi.

Na Walikale pia vijana wamekwenda machimboni, Bisie na mahali pengine. Nyumba za wazee walio peke yao zipo huko kama zilivyo Masisi.

KUPANGA KAZI KIJIJINI

Sasa tufanye nini? Hatuwezi kungoja mpaka kuwe na watu wenye mshahara wa kazi hii. Sheria kubwa ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa njia zinazofaa mahitaji yao. Ni neno jema, na tuna haki ya kuwakumbusha wakubwa. Lakini neno la karatasi halibebi uji mlimani. Watu ndio hubeba.

Kila zone ya afya, kama Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi, au Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, ina vituo vya afya, na vituo vina reko wao. Wamama wa kanisa na reko wakikaa pamoja jioni moja, waweza kuianza kazi hii.

Kwanza, andikeni katika daftari jina la kila mzee anayelala peke yake, au anayelala na watoto wadogo tu. Andikeni hata wale ambao si wa kanisa lenu. Baridi haiulizi mtu ni wa kanisa gani.

Pili, kila mzee apewe watu wawili wanaojulikana kwa majina. Tukisema “kanisa zima litamtazama,” hakuna atakayekwenda. Mmoja akiugua au akisafiri, wa pili yupo.

Tatu, aendewe kila siku, asubuhi, kwa kuwa usiku ndio wakati wa baridi na asubuhi ndipo madhara yake yanaonekana. Ziara ya robo saa kila siku ni bora kuliko ziara ya saa tatu siku ya Jumapili.

Nne, katika ziara hiyo jibuni maswali matano: Amelala pakavu? Amekula jana usiku? Amekojoa? Amemeza dawa? Je, ni yule yule wa jana? Swali la tano ni kubwa kuliko yote.

Tano, machela au kipoyi kiwe tayari kabla ya mgonjwa kupatikana, na vijana wanne wajulikane. Wekeni pembeni fedha kidogo ya pikipiki kwa mahali ambapo njia inafaa.

Msimsahau yule anayetunza. Mara nyingi ni msichana wa miaka 12 aliyeachishwa shule ili alale na bibi yake, au mke wa mwana asiyepumzika tangu mwaka jana. Mtu aliyechoka sana huanza kunena kwa ukali, kisha huanza kusahau. Mpokeeni siku mbili kwa wiki. Msichana arudi shuleni.

Tena msifanye mzee kuwa mzigo wa kubebwa tu. Mpeni maharagwe achambue. Mpeni mtoto amlinde karibu ya mlango. Mzee anayetumika husogeza mikono yake, na mikono inayosogea hufanya joto. Zaidi ya hayo, ajua kwamba anahitajiwa.

Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1990 kwamba tarehe 1 ya mwezi wa 10 iwe siku ya wazee kila mwaka. Kwetu siku hiyo huja wakati mvua zimekwisha kurudi. Pengine mahali huwa na hotuba na nyimbo. Hatukatai nyimbo. Lakini ingefaa siku hiyo, baada ya nyimbo, vijana wapande juu ya nyumba za wazee na kupigilia bati.

MWISHO WA HABARI YA MAMA MZEE

Tulimwacha yule jirani mlangoni. Alifanya nini?

Aliingiza mkono chini ya nguo na kugusa tumbo: lilikuwa na joto kidogo tu. Akaomba simu ya kijana mmoja, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 34. Hakubishana na wale wawili. Aliwaambia, “Mmoja alete blanketi kavu, mmoja awaite vijana wanne.” Wakambadilisha mama mzee nguo, wakamfunika kichwa, wakamlaza juu ya kipoyi, kichwa kikiwa juu kidogo ili apate kupumua. Yule aliyenong’ona juu ya uchawi alibeba sufuria ya uji nyuma yao, mpaka chini ya kilima.

Kilikuwa kichomi. Alipewa dawa na hewa ya kumsaidia kupumua. Siku ya tatu alijua jina lake na la mwanawe aliye Goma. Siku ya kumi alirudi nyumbani, na vijana walikuwa wameondoa turubai na kuweka mabati mawili yaliyotumika. Kama wangengoja usiku mmoja zaidi, tungekuwa tunaeleza habari ya mazishi, na watu wangesema, “Ni uzee.”

Ndugu msomaji, tumefundishwa tangu utoto kuwaheshimu baba na mama. Heshima hiyo ina miguu ya kupanda kilima na mikono ya kubeba kikombe. Kesho asubuhi, kabla hujaenda shambani au sokoni, fikiri: ni mlango gani karibu nami ambao haujabishwa hodi leo? Nenda. Ubishe. Ungoje jibu.

Yule jirani, asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, alipanda mapema sana, kabla ukungu haujaondoka. Akasema, “Hodi.”

Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba: “Karibu, mwanangu. Leo umechelewa.”